Kabla hujamtumia hela mjenzi wa Tanga, waulize watu hawa

Ndugu zangu mlioko huku Uingereza na kwingineko, hasa nyie mnaotaka kujenga Tanga, naomba mnisikilize vizuri: namba ya mteja wa zamani uliyopewa na mjenzi mwenyewe sio ushahidi. Hata kama huyo mteja anaongea kwa ustaarabu, hata kama anakutumia picha ya sebule yake, sio ushahidi.

Mimi kiwanja changu kiko Kange. Mjenzi alinitumia picha za nyumba ya Raskazone, geti jeusi, vigae chini mpaka barazani, akanipa na namba ya mwenye nyumba, mama mmoja yuko Kanada. Nikampigia, tukaongea sana, ananiambia kijana ni muaminifu mpaka chenji ya misumari anarudisha. Nikatuma hela ya msingi, nikatuma ya kuta, tukafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kazi ikasimama na simu ikawa haipokelewi. Mchanga aliotumia ulikuwa wa baharini, una chumvi, na chumvi ndiyo inayokula nondo ndani ya zege, kwa hiyo hata kilichosimama hakiaminiki. Binamu yangu alipoenda Raskazone kumuuliza mlinzi, kumbe nyumba ile imejengwa na fundi mwingine kabisa, huyu wetu alijenga ukuta wa uzio tu, na yule mama wa Kanada ni dada yake, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo.

Makaratasi nayapitia haraka kwa sababu mnayajua. Angalia kampuni kama ipo BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, halafu angalia kama imesajiliwa Bodi ya Makandarasi na ni daraja la ngapi, madaraja yanaanzia la kwanza mpaka la saba. Mkataba upite kwa wakili, kibali cha ujenzi kitoke halmashauri, malipo kwa hatua. Ila elewa kwamba BRELA inakwambia jina lipo, haikwambii kuta zimenyooka. Na kuna watu wanaazima jina la kampuni ya mwenzao yenye usajili, wewe unaona cheti safi kumbe anayekuja saiti hata hajulikani huko, kwa hiyo mtafute mwenye kampuni kwa namba aliyoandikisha kwenye usajili na umuulize kama huyu mtu ni wake.

Sasa kwenye sifa zenyewe. Huku Uingereza fundi bomba akitoka tu nyumbani kwako unaletewa meseji umpe nyota, na watu wanaandika kweli, Mwingereza hamjui jirani yake jina lakini fundi aliyemharibia bafu atamwandikia aya nzima dunia isome. Mimi napenda hiyo, inasaidia, japo nyota nazo watu wananunua. Kwetu ni kinyume, mtaa mzima unajua fundi fulani kala hela za nani, lakini ukipiga simu kutoka ng'ambo ukauliza "huyu kijana vipi?" utajibiwa "mashallah, kijana mzuri, anaswali safu ya mbele." Shangazi zangu, wajomba zangu, tunawapenda na tunajua hamtaki kumharibia mtu riziki yake, lakini jamani hela inayozama ni ya mtoto wenu anayelala usingizi wa saa nne apate shifti ya pili. Swala ni yake na Mola wake, sisi tunauliza habari ya zege.

Kwa hiyo usiulize kama ni mzuri. Muulize mjenzi mitaa aliyojenga, sio namba za watu, mitaa. Sahare, Duga, Makorora, popote. Halafu mtume ndugu ambaye hamjui mjenzi, aende bila kumwambia, aanze kwa mlinzi na majirani: nani alijenga hapa, alianza lini, aliondoka nyumba imefika wapi, nani alipaua? Akimpata mwenye nyumba amuulize hela iliongezeka mara ngapi na kwa sababu gani, bati zilizoletwa ni geji ileile, yaani unene uleule, waliyokubaliana, na je, angempa nyumba ya pili. Hilo la mwisho watu wanashindwa kulidanganya, utasikia kimya kidogo halafu "aah, unajua fundi ni fundi tu", basi umeshajibiwa.

Na nyumba iwe imeshapigwa na masika, ya mwaka mmoja au miwili, sio iliyopakwa rangi wiki iliyopita. Ndugu yako ainame aangalie ukuta sentimita chache juu ya sakafu, kama rangi imevimba na unga mweupe unatoka ukiugusa, hiyo ni chumvi na unyevu. Aangalie nyufa za mshazari kwenye kona za madirisha. Apige video bila kukatakata, maana picha nimeshawaambia ilinifanya nini.

Watu wengine wawili wasisahaulike. Wa kwanza ni mwenye duka la hardware anakochukua vifaa, huyo anajua kama mjenzi analipa madeni au saruji ya mteja huyu inaenda kuziba deni la mteja yule. Wa pili ni saidia fundi, vijana wanaobeba ndoo, ukimnunulia mmoja chai na chapati atakwambia mfuko mmoja wa saruji walikuwa wanatoa tofali ngapi na kama zilimwagiliwa maji au zilijengwa mbichi.

Kuna mjenzi atakwambia wateja wake hawapendi kusumbuliwa, hivyo mitaa hawezi kutaja, ila namba za simu anazo. Huyo usimtumie hata hela ya kusafisha kiwanja.