Jinsi ya kujua historia ya matetemeko ya eneo lako na kupima hatari ya nyumba yako (mfano wa Kagera)

Kabla ya 2016 ukimuuliza mtu wa mkoa wetu wa Kagera, kaskazini magharibi ya Tanzania, habari za tetemeko alikuwa anakwambia hayo mambo ni ya Wajapani, sana sana ya kule kwenye mlima wa volkano wa Oldoinyo Lengai, sisi huku tuna ziwa na migomba tu. Halafu Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, likapiga la ukubwa wa 5.9, kitovu karibu na Nsunga wilaya ya Missenyi, kina kama kilometa 40 chini ya ardhi. Watu wasiopungua 17 wakafariki, mamia wakaumia, mamia ya nyumba zikaanguka na maelfu zikabaki na nyufa, na shule ya Ihungo iliharibika kiasi kwamba ikabidi ijengwe upya. Na 5.9 kwa wataalamu ni la wastani tu, wanasema kabisa kwamba lingekuwa limepiga sehemu yenye nyumba imara watu wangetikisika, wangeogopa, wangerudi kazini.

Ndo maana naandika hii. Kuishi mbali na bahari hakukulindi, na kutokukumbuka tetemeko hakumaanishi halijawahi kuwepo. Unaweza kuangalia mwenyewe, unahitaji simu yenye bando na nusu siku ya kuizunguka nyumba yako.

Anza na historia. Usiulize wilaya yako peke yake kwa sababu tetemeko halijui mpaka wa wilaya wala wa nchi. Sisi Kagera tumekaa katikati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa, la mashariki linapita Natron, Manyara na Eyasi, la magharibi linashuka kutoka ziwa Albert, Edward, Kivu, Tanganyika mpaka Rukwa, na bara linaachana pale kwa milimita chache kila mwaka, kidogo sana lakini haliachi, sasa ule mkazo hauishii kwenye bonde lenyewe, unasambaa hadi kwenye mipasuko ya zamani iliyojificha chini ya miamba ambayo juu yake wewe unaona shamba la kahawa tu. Kwa hiyo chora duara la kilometa 300 hivi kuzunguka kwako uone kuna nini ndani.

Ukifanya hivyo kwa ukanda huu wote wa Bonde la Ufa, si Kagera peke yake, utashangaa. Tarehe 13 Desemba 1910 kusini mwa ziwa Tanganyika upande wa Rukwa kulipiga tetemeko linalokadiriwa kuwa 7.4, ni kati ya makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa Afrika, na kwa nguvu ni kama mara 180 ya lile la Kagera (kila namba moja ikiongezeka nguvu inazidi kama mara 32, watu wengi hawajui hili, wanaona 5.9 na 7.4 ni kitu kimoja). Subukia Kenya, Januari 1928, 6.9, ardhi ikapasuka juu kabisa. Toro Uganda, Machi 1966, zaidi ya watu 100 wakafariki. Desemba 2005 ziwa Tanganyika karibu na Kalemie, 6.8. Februari 2008 Bukavu (Kongo) na Rusizi (Rwanda), 5.9 kama ya kwetu, watu zaidi ya 30 wakafariki wengi wao upande wa Rwanda, ilikuwa Jumapili na watu wako kanisani. Hakuna hata moja hapo lililopiga pwani, yote ni bara.

Namna ya kutafuta: ingia kwenye tovuti ya matetemeko ya USGS (taasisi ya jiolojia ya Marekani), nenda sehemu ya kutafuta katalogi, weka mwaka wa kuanzia 1900, ukubwa kuanzia 4.5, halafu weka nukta ya eneo lako na umbali wa kilometa 300. Bukoba ni latitudo -1.33 na longitudo 31.81, usisahau ile alama ya kutoa, ukiisahau utapelekwa kaskazini ya ikweta. Muda wanaoandika ni wa dunia (UTC), ongeza masaa matatu upate wa kwetu. Na kuna kitu ukikiona usikiamini haraka, safu ya kina. Ukikuta matetemeko mengi yameandikwa kilometa 10 kamili au 33 kamili, hiyo mara nyingi si kipimo, ni namba inayowekwa pale mitambo ilipokuwa mbali mno kupima kina. Vilevile usishangae kuona miaka ya 1920 iko tupu halafu kuanzia miaka ya 60 inajaa, ardhi haikuanza kutikisika ghafla, mitambo ndo iliongezeka. Madogo ya zamani hayakurekodiwa na mtu.

Kwa hiyo hilo pengo lijaze na wazee. Waulize bibi na babu, paroko wa zamani, mwalimu mstaafu, lakini usiulize "kuliwahi kuwa na tetemeko?" maana atakwambia hapana, uliza kama waliwahi kuona vyungu vinaanguka rafuni, ukuta wa kanisa kupasuka, ng'ombe kukimbia zizini, na ilikuwa kabla au baada ya jambo gani kubwa. Wazee wanakumbuka kwa matukio.

Kisha tafuta ramani ya hatari. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) pale Dodoma ndo wenye kazi hiyo kwa Tanzania, na kuna ramani ya dunia ya GEM (taasisi ya kimataifa ya kukadiria hatari za matetemeko) mtandaoni. Utakuta imeandikwa "asilimia 10 ndani ya miaka 50". Maana yake mtikisiko wa kiwango hicho au zaidi unategemewa kwa wastani mara moja kwenye miaka 475 hivi, haimaanishi kwamba likishapiga leo basi mnapumzika miaka 475. Na mtu akikutumia voisi ya WhatsApp kwamba usiku wa leo saa nane litapiga lingine, futa, hakuna chombo chochote duniani kinachojua siku na saa. Mitetemo midogo ya baadae ipo kweli, inaweza kuendelea wiki au miezi, lakini saa yake haijulikani.

Haya, sasa nyumba, na hapa ndo nataka ukae sana kwa sababu kinachoua ni ukuta.

Kwanza ardhi. Nyumba iliyo juu ya mwamba inatikisika kidogo kuliko iliyo kwenye tope au udongo wa kujaza. Bukoba mjini kule bondeni kuelekea mto Kanoni na ziwani si sawa na juu kwenye mawe. Chimba shimo la mita moja na nusu, ukikutana na maji au udongo unaobonyea kwa kidole, jua una kazi ya ziada kwenye msingi.

Pili chukua msumari, kwangua katikati ya tofali na tofali. Kama inamwagika kama mchanga au ni udongo mtupu, ukuta wako ni tofali zilizopangwa tu, hazijashikana. Nyumba nyingi za kwetu ziko hivyo, tofali za kuchoma nzuri kabisa, zimejengewa tope, halafu nje zimepigwa plasta ya saruji inayoficha kila kitu. Angalia pia nyufa, ufa wima kwenye kona unaonyesha kuta mbili zinaachana, na ufa wa msalaba kati ya dirisha na dirisha maana yake ukuta umeshavutwa huku na huku. Ufa unaoingiza sarafu, muite fundi anayejua, au mhandisi wa halmashauri.

Tatu, linta. Nyumba nyingi zina linta vipande vipande juu ya mlango na dirisha tu. Hiyo haisaidii. Inatakiwa mkanda mmoja wa zege uzunguke kuta zote, pamoja na za ndani, usikatike popote, nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20, na kwenye kona nondo zikunjwe zipite kona na zilaliane angalau sentimita 60. Mafundi wengi wanazikata hapo konani wanaziacha zimegusana tu, simama ukiwa na futi mkononi uangalie kabla zege haijamwagwa, maana ikishamwagwa hutajua tena. Mlango na dirisha viwe mbali na kona kama sentimita 60 na zaidi. Ukuta mrefu kupita mita tano bila ukuta wa kuukatiza uwekee nguzo.

Kama nyumba ishajengwa na hela hakuna, anza na ile pembe tatu ya tofali inayopanda juu mpaka kwenye paa. Hiyo ndo inaanguka mapema, na inaangukia mlangoni au kitandani. Itoe, weka mbao na bati. Kisha funga kenchi kwenye ukuta kwa waya mnene, hamisha vitanda vya watoto vikae mbali na ukuta wenye ufa, kabati lifungwe ukutani.

Likipiga ukiwa ndani na mlango uko hatua mbili na nje ni uwazi, toka uende mbali na ukuta. Ukiwa mbali na mlango, ingia chini ya meza nzito, shika mguu wake, funika kichwa na shingo. Usisimame nje chini ya ukuta ukiangalia nyumba, na usirudi ndani kuchukua simu, godoro wala TV mpaka mtu anayejua amezikagua kuta, hata kama mvua inanyesha.