Jinsi ya kuleta mabadiliko yanayobaki hata wewe ukiondoka

Kabla hujaitisha kikao cha kwanza jiulize, ukiondoka kesho nani ataendelea na hiki unachokipigania? Kama hakuna basi ulichonacho ni bidii yako tu, na bidii huondoka na mwenyewe.

Mfano ninaoupenda ni wa daktari Ignaz Semmelweis. Mwaka 1847 kwenye hospitali kuu ya Vienna, Austria, kina mama walikuwa wanakufa sana kwenye wodi ya uzazi ya madaktari kuliko ile ya wakunga, na madaktari wenyewe walikuwa wanatoka kupasua maiti halafu wanaenda kuzalisha. Akaagiza kila mtu anawe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili vifo vilikuwa kama asilimia 18, kufika Juni vimeshuka mpaka kama 2. Si ungedhani dunia nzima ingenawa wiki hiyohiyo? Wapi! Wakubwa walichukia, maana kukubali ni kusema wao ndo waliokuwa wanaua, na yeye mwenyewe alichelewa kuandika, kitabu chake kilitoka 1861, halafu akawa anawatukana wenzake kwenye barua. Alikufa 1865 wengi bado hawajamkubali.

Kwa hiyo takwimu zako nzuri hazitoshi. Mtu ukimwambia "mlikuwa mnakosea miaka yote" atakuzibia masikio hata kama uko sahihi, kwa hiyo mpe njia ya kutokea, mwambie hali imebadilika, au tumepata njia rahisi zaidi, na kama wazo linaweza kuonekana limetoka kwake muachie tu achukue sifa (inauma najua). Mtafute kwanza yule anayeheshimiwa na wenzake, ambaye mara nyingi sio bosi, ni yule ambaye watu wakitoka kikaoni wanamuuliza "we unaonaje".

Halafu liingize jambo kwenye utaratibu wa kila siku. Hapa ndo wengi tunaanguka. Nilikuwa kwenye kikundi kimoja tukakubaliana mapato yawe wazi, tukapiga makofi, miezi mitatu baadaye hakuna aliyekuwa anajua salio. Kilichosaidia kilikuwa kitu kidogo mno: ajenda ya kwanza kila mkutano, kabla hata ya kusoma muhtasari, mweka hazina anafungua daftari anasoma kiasi kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na mwanachama yeyote anasaini pembeni. Mweka hazina kabadilishwa mara mbili na daftari bado linasomwa, kwa sababu sasa ukiruka watu wanauliza mbona leo hamjasoma. Kama ni ofisini weka kwenye fomu yenyewe, kisanduku ambacho kisipojazwa faili haliendi mezani kwa mtu mwingine. Semina ni nzuri ila watu husahau, fomu haisahau.

Kuna mabadiliko ambayo huwezi kwenda nusunusu. Uswidi walipiga kura 1955 kama asilimia 83 wakakataa magari yatoke kushoto yahamie upande wa kulia wa barabara, ila bunge likaamua 1963 kwamba watahama, na tarehe 3 Septemba 1967 saa kumi na moja alfajiri nchi nzima ikahama kwa pamoja. Ukiangalia kazi kubwa ilikuwa ile miaka minne ya kabla, mabasi yenye milango upande mwingine, alama mpya za barabarani, kampeni kila kona. Sisi tunafanya kinyume, uzinduzi mkubwa maandalizi wiki moja, halafu tunashangaa.

Mengine anza na idara moja au mtaa mmoja ulio tayari, acha wengine waje kuchungulia. Usianze na wabishi, watakumaliza nguvu.

Na baada ya miezi sita rudi bila kutoa taarifa, usimuulize kiongozi maana atakwambia mambo safi, muulize yule mgeni aliyejiunga juzi, "hapa huwa mnafanyaje?" Akikueleza ule utaratibu wenu na hata hajui kwamba uliuanzisha wewe, nenda zako.