Mafuta ya Kihindi ya kuchulia: ukiteguka usikimbilie kuchua
Dar hapa mtu akiteguka tu, iwe kashuka vibaya kwenye daladala au kapigwa kwanja kwenye ndondo, cha kwanza anatafutiwa mtu wa kumchua. Hapana jamani. Siku 2 za mwanzo acha kabisa kuchua, ule uvimbe ni damu na maji yanavujia humo ndani, ukiminya unaongeza. We weka barafu kwenye kitambaa dakika 15 hivi, toa, rudia baadae, funga bandeji, mguu ukae juu ya mto. Mafuta yasubiri.

Uvimbe ukishaanza kunywea ndo zamu ya mafuta ya Ayurveda, yani tiba ya asili ya Kihindi, ulizia maduka ya Wahindi maeneo ya Kisutu. Ya mgongo na magoti yanaitwa Mahanarayan, yamepikwa kwa mafuta ya ufuta. Ya kuteguka ni Murivenna, asili yake Kerala, hayo ni mafuta ya nazi na ndani kuna mlonge, tambuu, kitunguu na aloe vera, yani vitu ambavyo mabibi wa pwani wanavijua siku nyingi tu.

Paka tone moja ndani ya mkono usubiri mpaka kesho, ukiwashwa achana nayo. Usipowashwa tumbukiza chupa kwenye bakuli la maji ya moto (usiweke jikoni), chukua kama kijiko cha chakula, kwenye maungio chua kwa kuzungusha, kwenye misuli vuta kuelekea juu upande wa moyo, taratibu, dakika 10 zinatosha, kaa nusu saa afu oga maji ya moto. Vaa tisheti ya zamani maana yenye manjano hayatoki kwenye nguo. Kiukweli mi naona nusu ya kazi inafanywa na joto na kule kuchua kwenyewe.

Unaweza kupika nyumbani, kipimo chao cha zamani ni dawa 1, mafuta 4, maji 16. Twanga tangawizi na manjano mabichi, jumla gramu 50, mafuta ya ufuta gramu 200, maji gramu 800, moto mdogo mpaka maji yaishe. Viringisha yale makapi kwa vidole, yakishikana kama utambi na ukiyachoma hayapasukipasuki, yameiva, chuja.

Usipake kwenye kidonda kibichi wala usinywe. Yenye kafuri weka mbali na watoto, wakimeza ni sumu. Anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) amuulize daktari kwanza. Ukishindwa kukanyaga, mguu ukipinda au ukifa ganzi, hapo ni eksirei, nenda MOI (taasisi ya mifupa pale Muhimbili) au hospitali ya karibu. Na kigimbi kimoja kikivimba kinauma kina moto na hujaumia popote, hata usikiguse, inaweza kuwa damu imeganda, wahi hospitali siku hiyohiyo.