Badilisha kipengele kimoja, fuata vingine vitatu

Mwanafunzi wa Biashara anayekariri mchanganyiko wa masoko (bidhaa, bei, mahali, promosheni) ajaribu hivi: chukua kitu kimoja cha duka la mtaani, badilisha kipengele kimoja tu, kisha jiulize vile vitatu vitalazimika kubadilika vipi. Tuseme sabuni ya unga ya kilo 1 sasa inauzwa pia kwenye vipakiti vidogo. Bei anaimudu hata mtu wa kibarua cha kutwa, ingawa ukipiga hesabu kwa gramu mara nyingi ni ghali zaidi, na hili wengi hulisahau. Mahali panapanuka kutoka supamaketi hadi gengeni. Tangazo haliwezi tena kuahidi nafuu ya kununua nyingi. Litasema inatosha kufua leo. Mbinu inafaa kwa sababu swali la mtihani la “eleza” linataka uhusiano, na vipengele hivi, alivyovipanga mtaalamu wa masoko McCarthy mwaka 1960, huamuliwa kwa pamoja. Kwenye huduma mbinu hii inakwama, kwani vipengele vinne havitoshi. M-Pesa, kwa mfano, haielezeki bila wakala. Hapo ongeza watu, mchakato na ushahidi unaoonekana, kama bango na ujumbe wa kuthibitisha muamala.