Somo: Kupanga bei ya safari ya mgeni mwenye ratiba yake, kuanzia getini hadi faida

Habari zenu wakuu. Vijana wengi wanaofungua kampuni za utalii Arusha na Moshi wanajua mbuga, wanajua magari na wanajua kuongea na wageni. Kinachowaangusha ni bei. Wanaangalia jirani anauza kiasi gani, wanashuka kidogo, wanatuma. Bei ya jirani imejengwa juu ya mkataba wake na lodji, magari yake na mikopo yake, na wewe huna hata kimoja kati ya hivyo. Nawaomba leo tuanze na karatasi tupu, tupige hesabu ya safari moja hadi mwisho.

Mfano wetu: wageni 2 watu wazima, siku 4, msimu mkubwa. Siku ya kwanza Tarangire, kulala Karatu. Siku ya pili kupitia Ngorongoro kwenda Serengeti, kulala Seronera, katikati ya Serengeti, usiku wawili. Siku ya nne kutoka alfajiri, kushuka kreta ya Ngorongoro, kurudi Arusha jioni.

Hatua ya 1: Ratiba iandikwe kwa saa

Kibali cha Serengeti ni cha saa 24. Gari likipita geti la Naabi saa 7 mchana siku ya pili, vibali viwili vinaisha saa 7 mchana siku ya nne. Mgeni akikuomba abaki na chui hadi jioni ya siku hiyo, umeshaingia kibali cha tatu kwa kila kichwa. Kwa hiyo usiandike tu "siku 2 Serengeti". Andika saa ya kuingia na saa ya kutoka, na umwambie dereva saa hiyo kabla hajaondoka ofisini.

Jambo la pili ambalo wengi hulisahau: barabara ya kwenda Serengeti inakatiza Hifadhi ya Ngorongoro, na kupita tu kunalipiwa. Katika ratiba yetu Ngorongoro inalipwa mara mbili, siku ya pili na siku ya nne, ingawa mgeni atasema ameitembelea mara moja.

Hatua ya 2: Geti, pamoja na VAT

Viwango vya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) na vya Mamlaka ya Ngorongoro husomwa bila VAT, kisha inaongezwa asilimia 18. Ukiona dola 70, mfukoni inatoka 82.60. Natumia viwango vya msimu mkubwa vya miaka ya karibuni kwa mgeni asiye mkazi. Wewe fungua tarifu (orodha ya ada) ya mwaka wako kila unapopiga hesabu mpya.

Kwa mtu mmoja: Tarangire dola 59. Ngorongoro 70.80 mara mbili, yaani 141.60. Serengeti 82.60 mara mbili, 165.20. Kisha ile tozo ya kulala ndani ya hifadhi, ambayo kambi nyingi haziiweki kwenye bei yao ya chumba: 70.80 kwa usiku, mara mbili, 141.60. Jumla 507.40 kwa kichwa. Hapo mgeni hajala wala hajapanda gari.

Kushuka kreta ni dola 250 kwa gari, na VAT inakuwa 295. Iandike pembeni, kwa sababu haihesabiwi kwa kichwa.

Hatua ya 3: Malazi na chakula

Bei iliyo kwenye tovuti ya lodji ni ya mgeni anayekuja mwenyewe. Wewe omba bei ya mkataba ya makampuni, usome na masharti yake: tarehe za msimu, nyongeza ya mgeni anayelala peke yake chumbani, tarehe ya mwisho ya kulipa. Tuchukue kwa mfano tu Karatu dola 110 kwa mtu na kambi ya Serengeti 190 kwa usiku, milo yote mitatu. Inakuwa 490 kwa kichwa. Ongeza lanchi boksi za siku mbili za mwanzo 24, maji 6, bima ya kuokolewa kwa ndege 10.

Kila kinacholipwa kwa kichwa sasa ni 1,037.40.

Hatua ya 4: Gari na dereva

Hapa ndipo watu hujidanganya zaidi, hasa mwenye gari lake. Anahesabu mafuta na posho, anaona siku imemgharimu kidogo. Barabara ya Naabi inakula springi, shoki na matairi hata siku ambayo hujapeleka gari gereji. Pigia gari lako bei ileile ambayo ungelipa kama ungelikodi. Ikiwa gari la kukodi pamoja na mafuta na dereva ni 220 kwa siku, basi lako nalo ni 220. Kwa siku 4 ni 880.

Posho ya dereva na malazi yake yaingie humo kikamilifu. Bakshishi ya mgeni ni ya dereva, isiwe sehemu ya mshahara. Kampuni inayomtuma dereva na posho pungufu "kwa sababu atapata tipu" inamfanya ahangaikie noti kuliko wanyama, na wageni huliona hilo mapema.

Ongeza kumpokea na kumrudisha mgeni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, dola 100. Vya gari jumla: 880, 295 na 100, yaani 1,275.

Hatua ya 5: Jumlisha

Wageni wawili: 2,074.80 za vichwa na 1,275 za gari ni 3,349.80. Weka asilimia 3 ya dharura na makato ya benki, tuseme tumefika 3,450. Hiyo ndiyo gharama. Bado hujapata hata senti.

Hatua ya 6: Faida, na hapa naomba tuende taratibu

Ukisema unataka faida ya asilimia 20, wengi huzidisha 3,450 kwa 1.20 na kupata 4,140. Lakini 690 uliyoongeza ni kama asilimia 16.7 tu ya pesa aliyolipa mgeni. Ukitaka asilimia 20 ya bei ya kuuza ibaki kwako, gawanya kwa 0.80: 4,312.50. Tofauti ni dola 172.50 kwa safari moja, na kumbuka kuwa faida hiyo ndiyo inayolipa kodi ya ofisi, leseni ya biashara ya utalii (TALA), mhasibu, tovuti, na miezi ya masika ambayo simu hailii.

Akiingia wakala, kosa linakuwa kubwa zaidi. Wakala anataka asilimia 15, naye anaikata kwenye bei ya mwisho, si kwenye gharama yako. Ukichukua 4,140 ukazidisha kwa 1.15 unapata 4,761. Yeye anachukua 714.15. Unabaki na 4,046.85, ukitoa gharama umepata 596.85, sawa na asilimia 12.5. Njia sahihi: yako 20 na yake 15 ni 35, basi gawanya gharama kwa 0.65. Unapata karibu 5,308. Kama bei hiyo haiuziki, mnakaa mezani na wakala mnapunguza kila mmoja upande wake, huku wote mkiona namba.

Hatua ya 7: Bei kwa idadi ya watu

Bila wakala, kwa wageni 2, kila mmoja analipa kama 2,156. Safari ileile kwa wageni 4 inashuka hadi karibu 1,746, na kwa 6 karibu 1,609, kwa sababu ile 1,275 ya gari inagawanywa. Akija mtu wa saba na gari lako lina viti sita vya dirishani, umeingia gari la pili na kushuka kreta mara ya pili, na bei ya kila mtu inapanda tena. Mtumie mgeni jedwali lenye bei za idadi zote tangu mwanzo. Rafiki mmoja akijitoa, hamtagombana.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Mgeni anataka nimchanganulie kila kitu, geti kiasi gani, lodji kiasi gani. Nimpe?

Marahaba. Ada za hifadhi mpe bila hofu, ni za wazi na zinamsaidia kuelewa kwa nini safari ni ghali. Bei yako ya mkataba na lodji usimpe. Mikataba mingi inakukataza kuitoa. Mwandikie kilichomo na kisichomo, kwa ukamilifu. Hicho ndicho anachohitaji kukulinganisha na wengine.

Kaka, kuna kampuni inauza ratiba kama hii ya watu wawili kwa 1,500 kwa kichwa na wanalala ndani ya hifadhi. Wanawezaje?

Piga hesabu nyuma. Dola 3,000 kwa wawili, toa 1,014.80 za vichwa getini na 295 za kreta. Zimebaki 1,690.20 za gari, malazi, chakula na kila kitu. Kambi ya umma yenye mahema na mpishi inaweza kuingia hapo, na tozo ya kulala inakuwa ndogo, 35.40 badala ya 70.80. Hiyo ni bidhaa nyingine halali kabisa, nawe unaweza kuiuza. Lakini kama wanaahidi lodji kwa bei hiyo, kuna mtu halipwi: dereva, lodji, au geti. Usiwafuate.

Watoto nawahesabuje?

Uliza umri wa siku ya safari, si wa siku ya kuandika. Chini ya miaka 5 geti ni bure. Miaka 5 hadi 15 Serengeti ni dola 20, na VAT ikiongezwa ni 23.60. Akifika 16 ni mtu mzima. Lodji zina mipaka yao ya umri, na mara nyingi punguzo ni kwa mtoto anayelala chumba cha wazazi. Kiti cha gari hakina punguzo.

Dada hapa, natokea Moshi. Mgeni amelipa amana Februari kwa safari ya Agosti. Ada zikibadilika katikati?

Mwaka wa TANAPA huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo dada yangu swali lako ni la kila mwaka. Kwenye masharti weka sentensi moja inayosema ada za serikali zikipanda, mgeni analipa tofauti hiyo pekee, kwa ushahidi wa tarifu. Wengi hukubali wakiambiwa mapema. Na ukishapokea amana, lipa ya kambi siku hiyohiyo. Agosti ni msimu wa nyumbu kuvuka Mto Mara na vyumba vya kaskazini mwa Serengeti havikungoji.

Msimu wa masika nishushe kiasi gani?

Shusha kile kilichoshuka kweli. Kuanzia 15 Machi hadi 15 Mei kiwango cha Serengeti ni 60 badala ya 70 kabla ya VAT, na kambi nyingi hupunguza bei, nyingine hufunga. Bei ya gari haishuki, na kwa matope ya Ndutu, kusini mwa Serengeti, ningeongeza siku moja ya dharura ya dereva. Faida unaweza kuipunguza hadi asilimia 12 au 13 ili gari na dereva wasikae bure, ila iandike kwenye jedwali kama uamuzi wa msimu huo, ili Juni ikifika urudi kwenye 20 yako.