Somo: Akaunti moja ya barua pepe kwenye kompyuta mbili, bila barua kupotelea upande mmoja

Habari zenu wakuu. Kuna ofisi ndogo ya utalii hapa Arusha ambayo mimi ndiye fundi wao wa kompyuta. Mwenye ofisi ana laptopu anayorudi nayo nyumbani, dada wa mapokezi ana kompyuta ya mezani, na wote wawili hufungua anwani ileile ya kampuni. Siku moja usiku mgeni aliandika kwamba safari yake imebadilika, atafika siku moja kabla. Barua ile ikashukia kwenye laptopu kule nyumbani. Bosi akaiona katikati ya nyingine nyingi, akajua dada ataishughulikia asubuhi. Asubuhi dada akawasha kompyuta yake, hakukuta kitu. Mgeni akashuka uwanja wa ndege wa KIA, hakuna gari, hakuna hata mtu wa kumpokea.

Niliitwa nieleze. Hakukuwa na kirusi wala tatizo la mtandao. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio, na mpangilio ule niliuweka mimi. Tangu siku hiyo siondoki kwenye ofisi yoyote bila kukagua jambo hili, na ndiyo maana naandika somo hili kwa kirefu.

Kwanza tuelewe barua inakaa wapi

Wengi tunalijua sanduku la posta, ile S.L.P. ya familia au ya shule. Sasa chukulia sanduku moja lina funguo mbili, moja anao baba na mwingine anao mjomba. Baba akitangulia asubuhi, anafungua, anabeba barua zote, anaondoka nazo. Mjomba akifika mchana anakuta sanduku tupu, na wala hajui kama kulikuwa na kitu. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi POP, njia ya zamani ya kompyuta kuchukua barua pepe, na ndiyo niliyokuwa nimewawekea. Ilianza mwaka 1984, enzi ambazo mtu aliunganishwa kwa muda mfupi, akachukua barua zake, akakata laini. Kwa mtu mmoja mwenye kompyuta moja haikuwa na ubaya wowote.

IMAP, njia ya pili, ni tofauti. Barua haitoki sandukuni. Wewe unaisomea palepale, na ukishaisoma, ukiijibu au ukiihamishia folda nyingine, alama hiyo inabaki kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayotunza barua, ili mwenzako naye aione. Aliyeibuni ni Mark Crispin, mwaka 1986, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford. Kwa hiyo dawa ya tatizo letu si mpya, ina umri wa miaka karibu 40, ila ofisi nyingi bado zinatumia POP kwa sababu fundi wa kwanza aliiweka hivyo na hakuna aliyegusa tena.

Nitatumia programu ya barua pepe ya Thunderbird kwa mfano kwa kuwa ni ya bure na ndiyo ninayowawekea wateja wangu wengi. Outlook, ile ya Microsoft, mantiki yake ni ileile.

Hatua ya 1: Jua unatumia ipi

Fungua "Account Settings", kisha "Server Settings". Juu kabisa imeandikwa aina ya seva. Njia nyingine ni kuangalia namba ya poti, yaani mlango ambao programu inapitia kuingia kwenye seva: 110 au 995 ni POP, 143 au 993 ni IMAP. Ukikuta 995 au 993 maana yake mawasiliano yamefungwa kwa usimbaji, mtu wa kati hawezi kuyasoma, na ndivyo yanavyotakiwa kuwa. Ukikuta 110 au 143, huenda nenosiri lako linapita wazi mtandaoni, kwa hiyo hapo unaweza kuwa na kazi mbili za kurekebisha.

Kagua kompyuta zote mbili. Nimewahi kukuta moja iko IMAP na nyingine POP, na ile ya POP ilikuwa inanyofoa barua kwenye seva huku ya IMAP ikionekana kana kwamba ndiyo inayofuta.

Hatua ya 2: Chukua nakala kabla hujagusa chochote

Hapa naomba usiruke. Kama mlikuwa mnatumia POP, basi kila kompyuta ina barua zake ambazo haziko kwenye seva wala kwenye kompyuta ya pili. Diski ikifa leo, barua zimekwenda.

Kwenye Thunderbird nenda menyu ya msaada, "Troubleshooting Information", tafuta mstari wa "Profile Folder" ufungue folda hiyo. Itazame iko wapi, kisha funga Thunderbird kabisa, ndipo uinakili folda yote kwenye diski ya nje au flashi yenye nafasi. Kwa watumiaji wa Outlook, barua za POP ziko ndani ya faili lenye mwisho wa .pst. Nakili hilo, Outlook ikiwa imefungwa. Fanya hivi kwenye kompyuta zote mbili, na uandike kwenye kila nakala imetoka kompyuta gani.

Hatua ya 3: Zuia POP isiendelee kuchukua

Kwenye kompyuta zote mbili, ingia "Server Settings" za akaunti ya zamani, ondoa alama mahali inapokagua barua mpya programu inapofunguka, na pale inapokagua kila baada ya dakika kadhaa. Usiifute akaunti. Inyamazishe tu.

Hatua ya 4: Ongeza akaunti ileile kama IMAP

Ongeza akaunti mpya, andika jina, anwani na nenosiri. Thunderbird itatafuta mipangilio yenyewe na kukupa uchague kati ya IMAP na POP3 (toleo la POP linalotumika sasa). Chagua IMAP. Kwa Gmail, seva ya kupokea ni imap.gmail.com poti 993, na ya kutuma ni smtp.gmail.com poti 465 au 587. Kwa anwani ya kampuni, muulize anayewahifadhia tovuti akupe jina la seva. Usibahatishe.

Sasa utaona akaunti mbili upande wa kushoto, ya zamani na mpya. Usishtuke, ndivyo tunavyotaka kwa sasa.

Hatua ya 5: Rudisha barua za zamani kwenye seva

Hii ndiyo kazi yenyewe, nayo inahitaji subira. Chagua barua kwenye folda ya akaunti ya zamani, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Copy To", kisha uielekeze kwenye folda ya akaunti mpya. Nakili, usihamishe. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, utakaa usiku mzima ukijiuliza ipi imefika na ipi haikufika. Ukinakili, ya zamani ipo palepale.

Kabla ya kuanza angalia seva ina nafasi kiasi gani. Gmail ya bure inatoa GB 15, lakini hizo ni pamoja na picha na mafaili yako ya Google Drive. Pia Gmail huweka kikomo cha kupandisha kwa IMAP, MB 500 kwa siku, kwa hiyo mtu mwenye barua za miaka mingi agawe kwa mwaka: leo 2021, kesho 2022. Kila ukimaliza fungu moja, ingia kwenye akaunti kwa kivinjari uhakikishe barua zimeonekana huko na idadi inalingana.

Usisahau folda ya zilizotumwa. Kwenye POP, ulichotuma hubaki kwenye kompyuta uliyotumia kutuma, na mara nyingi ushahidi wa makubaliano na mteja uko humo.

Hatua ya 6: Kompyuta ya pili

Rudia hatua ya 4 na ya 5. Hapa huenda kukawa na barua zilizojirudia, iwapo baadhi zilikuwa pande zote. Si tatizo, mtazifuta wenyewe taratibu. Afadhali barua iwe mara mbili kuliko isiwepo.

Mkimaliza, jaribuni: mmoja asome barua moja na kuijibu, mwingine aangalie kama imeonekana imesomwa na jibu lipo kwenye zilizotumwa. Akaunti ya zamani ya POP iacheni mwezi mzima kabla ya kuiondoa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Tanga: Mkuu, natumia bando la simu. Nikiweka IMAP kwenye laptopu si itamaliza bando lote kwa kushusha barua za miaka mitano?

Itamaliza, usipoizuia mapema. Mara tu baada ya kuongeza akaunti, nenda "Synchronization & Storage". Ondoa alama ya kuweka barua zote kwenye kompyuta, au chagua zishuke za siku 30 za karibuni tu. Hapohapo unaweza kuzuia barua kubwa kupita kiasi fulani zisishuke zenyewe. Vichwa vya barua utaviona vyote, viambatisho vitashuka pale utakapovifungua. Kazi ya hatua ya 5 ifanyie mahali penye intaneti isiyopimwa.

Mwanachama wa Mombasa: Nimefuta barua kwenye laptopu, nayo ikapotea ofisini. Hii IMAP mbona hatari?

Umeeleza vizuri kabisa inavyofanya kazi, dada. Sanduku ni moja, kwa hiyo ukifuta umefutia wote. Angalia folda ya takataka haraka, Gmail huzihifadhi humo siku 30. Na ndiyo maana nasisitiza nakala: IMAP inawapa wote kuona kitu kimoja, lakini haihesabiki kuwa ni hifadhi. Kila mwisho wa mwezi nakili folda ile ya hatua ya 2, na hakikisha kompyuta hiyo imewekwa kushusha barua zote, sio vichwa tu.

Mwanachama wa Mwanza: Seva yetu ina MB 500 tu na bosi hataki kulipia zaidi. Tufanyeje?

Hapo POP inaweza kubaki, lakini kwa utaratibu. Chagueni kompyuta moja iwe kuu, ile isiyotoka ofisini. Zote mbili ziwekwe "Leave messages on server", yaani barua iachwe kwenye seva. Kwenye laptopu isiwekwe siku za kufuta, na sehemu ya "Until I delete them" isiwe na alama. Kwenye kompyuta kuu weka ifute baada ya siku 14. Hivyo laptopu inapata wiki mbili za kuchukua nakala yake. Kila kompyuta hukumbuka yenyewe ni barua zipi imeshachukua, ndiyo maana hazigombani. Mkiweka Windows upya, kumbukumbu hiyo inapotea na barua zote zilizopo zitashuka tena. Barua mnazotuma kutoka laptopu jitumieni nakala ya siri (Bcc), la sivyo ofisi haitaziona.

Mwanachama wa Dodoma: Nenosiri ni sahihi kabisa, kwenye kivinjari linakubali, lakini programu inakataa Gmail.

Thunderbird ya sasa hufungua dirisha la Google ili uingie humo, kwa hiyo kwenye njia ya uthibitishaji chagua OAuth2. Kama programu yako ni ya zamani na haina hiyo, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti, kisha tengeneza nenosiri la programu lenye herufi 16 ulitumie badala ya lile la kawaida.

Mwanachama wa Moshi: Tuko wawili kwenye anwani yetu ya info@. Mwenzangu akisoma, kwangu inaonekana imeshasomwa, nadhani amejibu, kumbe hajajibu. Wateja wanalalamika.

Kaka, hilo ndilo lililobaki kwa watu wangu wa Arusha hata baada ya kurekebisha kila kitu. Tulichofanya: barua iliyosomwa lakini haijajibiwa inawekwa nyota, na nyota haitolewi mpaka jibu limetumwa. Nyota inaonekana pande zote mbili. Asubuhi dada anaanza na zenye nyota kabla ya mpya, na zinazohusu mgeni kufika anapiga simu kwa bosi papo hapo.