Mtoto akifika 18-18 mkono unakufa, mnafanyaje?

Kuna watoto hapa Tanga mazoezini wanapiga badimintoni mpaka unasimama kuangalia, alafu siku ya mashindano ikifika 18-18, zimebaki pointi tatu tu kufika 21 za kuchukua seti, servisi inaishia kwenye neti. Watu wanasema mtoto hana roho. Mi nasema roho anayo, ila hajafundishwa afanye nini pale, na kumpigia kelele jikaze jikaze toka kwenye benchi hakumwambii cha kufanya.

Anza na zile sekunde kati ya pointi na pointi, hapo ndo penye kazi yote. Kinyoya (kile kinachopigwa badala ya mpira) kikianguka mtoto aipe neti mgongo, anyooshe nyuzi za raketi kwa vidole, avute pumzi aitoe taratibu kuliko alivyoivuta, aamue kitu kimoja tu, mfano nawapa servisi fupi, ndo ageuke. Afanye hivohivo akipata na akipoteza, manake akifanya akipoteza tu mpinzani anajua huyu kashaumia. Ila asichelewe, refa anatoa onyo kwa kuchelewesha mchezo, na taulo au maji aombe ruhusa kwanza.

Pili acheni kuanza mechi za mazoezi 0-0 kila siku. Anzeni 17-20, aliye nyuma apambane, kisha geuzeni. Ikiwa 20-20 lazima uzidi kwa pointi mbili, na ikifika 29-29 anayepata ya 30 kachukua seti, sasa mtoto ambaye hajawahi kucheza 27-27 mazoezini ataionjea wapi? Na yule anayeongoza 20-17 ana mtihani mkubwa zaidi kwa maoni yangu, anaanza kulinda badala ya kucheza. Siku mojamoja kocha aseme auti kwenye kinyoya kilichoingia, makusudi kabisa, ila watoto waambiwe mwanzo kwamba leo kuna maamuzi ya uongo, la sivyo watakuona mwongo tu.

Upepo nao. Kinyoya kizima ni gramu 5 hivi, kwahiyo mkicheza nje jioni upande wa Raskazone kinaenda kinakotaka chenyewe. Mtoto akianza kulalamikia upepo mpe kazi, ukiwa mgongoni asinyanyue, apige chinichini na apige smeshi (lile pigo la nguvu la kushusha chini), ukiwa usoni apige kwa nguvu zake zote kifike nyuma. Mkumbushe seti ya tatu mnabadilishana upande, mmoja wenu akifika 11, kwahiyo upepo ule utamfikia na mwenzie.

Hapo kwenye 11 kila seti kuna mapumziko, hayazidi sekunde 60, na makocha wengi wanayamaliza kwa hotuba. Mwache anywe maji, mwambie jambo moja la mchezo, mfano jamaa anaacha mbele kulia mpelekee huko, basi. Fainali ya Olimpiki Rio 2016 Carolina Marín wa Hispania alipoteza seti ya kwanza 19-21 kwa P. V. Sindhu wa India, akaja kuchukua 21-12 na 21-15. Waonyesheni watoto mechi hiyo kwenye simu lakini waangalie anavyofanya kabla ya servisi, sio smeshi tu (yule dada ana kelele sana, sio lazima kumuiga, kila mtoto na tabia yake).

Adhabu ya pushapu kwa kila kosa mi siiafiki hata kidogo. Mtoto anaogopa mstari, anaanza kupiga katikati ya uwanja ambako ndo mpinzani anapopataka. Na kabla hujasema kalegea angalia kala nini, kalala saa ngapi, maana mtoto mwenye njaa anafanana sana na mtoto mwenye woga. Ramadhani walio kwenye funga wapeni mazoezi mepesi kabla ya futari au yasogezeni baada.

Wazazi sasa. Kaa mbali na benchi, piga makofi, usimfundishe toka jukwaani, kocha yupo. Akifungwa, mkiwa kwenye bodaboda kurudi Makorora mechi isiguswe, hata kama umeona kosa lile lile mara kumi. Subiri kesho, muulize pointi gani ilimsumbua, aongee yeye kwanza, alafu hiyo pointi ndo mwambieni kocha aianzie mazoezi ya wiki hiyo. Kama ana miaka 8 au 9 wala usimuulize kitu, mwache akacheze.